Je, lokdauni imenidekeza, au nyumba yangu ni mbovu?

Swali: Ninaishi Bamburi, Mombasa, ghorofa ya nne, ambayo ndiyo ya juu kabisa, vyumba viwili vya kulala, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Madirisha ya sebule na ya chumba chetu yanatazama magharibi. Nafanya kazi ya hesabu katika kampuni ya usafirishaji yenye ofisi mjini, na tangu Corona nafanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Kabla ya 2020 sikuwa na lalamiko lolote kuhusu nyumba hii. Sasa mchana sikaliki: joto, mwanga unaniumiza macho, kelele, mgongo. Mume wangu asema nimedeka, kwamba mama yake alilea watoto saba chini ya bati. Tumeweka akiba ya shilingi 60,000. Tununue kiyoyozi, tuhame, au nirudi tu ofisini siku zote tano?

Jibu: Dada, mimi ni msanifu majengo, kusuluhisha ndoa si kazi yangu, kwa hiyo neno la mumeo nitaligusa kwa upande wa nyumba tu. Kwa upande huo amekuonea.

Jiulize fleti hiyo ulikuwa ukikutana nayo saa ngapi kabla ya Corona. Ulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuwahi matatu ya mjini, ukarudi magharibi imeshaingia. Jumamosi sokoni, Jumapili arusini au kwa wazazi. Ulichopangisha, kwa hakika, ni mahali pa kulala, kupika chakula cha usiku na kuwaogesha watoto. Kwa shughuli hizo ilitosha, na mpaka leo inatosha. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri ulikuwa huijui kabisa. Sasa ndizo saa unazokaa ndani yake ukilinganisha ankara. Kuta ni zilezile, nawe ni yuleyule; saa ndizo zimehama.

Na hazikuhama kwa hiari yako. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais akawataka waajiri wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Kafyu ikaanza tarehe 27. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hatoki mtu haingii mtu, hadi Julai. Mwezi Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake, kuingia na kutoka, kwa takriban mwezi mzima. Kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa watu wengi wa mji huu, ile ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kukaa ndani ya nyumba yao wenyewe siku nzima, wiki baada ya wiki, na kuona jua linavyoizunguka.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawakulitambua. Sehemu kubwa ya kipindi kile cha kufungiwa iliangukia masika, kisha kusi, yaani miezi ambayo Mombasa huwa na nafuu. Juni na Julai joto la mchana huzunguka nyuzi 28, na upepo upo. Ndiyo maana nadhani mwaka ule wa kwanza hukuona shida sana. Watu waliafikiana na waajiri wao kuendelea hivyo hivyo, wakaona wamepata. Kisha ikaja Februari na Machi, kaskazi inapolegea na joto kufika nyuzi 32 au 33 na unyevu juu yake, na mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi. Malalamiko ya aina yako hunijia kila mwaka baada ya Krismasi. Mwezi wa saba sisikii mtu.

Tuje kwenye kudeka. Wanaochunguza joto na starehe ya binadamu wamebishana juu ya hili kwa zaidi ya miaka hamsini. Profesa Fanger wa Denmark, mwaka 1970, alitoa fomula ya kukadiria joto linalomfaa mtu, iliyotokana na majaribio ya watu waliokaa ndani ya chumba maalumu. Viyoyozi vya maofisi duniani vilipangwa kwa fikra hiyo. Baadaye, mwaka 1998, Richard de Dear na Gail Brager walikusanya vipimo vya majengo halisi ya nchi nyingi, wakaonyesha kwamba mtu anayeishi katika nyumba ya madirisha, anayeweza kuyafungua na kuyafunga mwenyewe, huridhika na joto kubwa kuliko mtu aliyezoea jengo lililofungwa lenye kiyoyozi. Mwili hujifunza. Kwa kanuni iliyotokana na kazi yao, mahali ambapo wastani wa joto la nje ni nyuzi 28, ndani ya nyumba ya madirisha watu wengi watavumilia hadi nyuzi 30 hivi, na upepo wa feni unakuongezea nyuzi moja au mbili juu ya hapo.

Kwa hiyo kuna tone la ukweli katika alichosema mumeo: ofisi ya mjini ilikuwa na kiyoyozi, na miaka yako ya pale ilikufunza kwamba saa nane mchana ni nyuzi 24. Lakini kipimo anachokuwekea hakikupimi. Mama yake alilea watoto saba chini ya bati, sawa. Muulize mama mkwe saa nane mchana alikuwa wapi. Nina hakika atakwambia alikuwa uani, chini ya mwembe au kwenye kivuli cha makuti, na chini ya bati waliingia usiku. Hakuna aliyekaa ndani saa ile akikagua takwimu na kamera imemwelekea usoni.

Wala usikubali mtu akwambie kwamba kufanyia kazi nyumbani ni jambo la kigeni lililoletwa na Corona. Pwani hii tumelijua kabla ya ofisi kuwepo. Mfanyabiashara wa Mji wa Kale aliishi juu na kuuza chini, na mazungumzo ya mali yalifanyika darini au barazani. Anayekaanga viazi vya karai kibarazani kwake, fundi cherehani wa dirishani, mama wa mabuyu na mama wa halua, wote wanafanyia kazi nyumbani tangu hapo, ila hakuna aliyewatungia jina. Tofauti ni kwamba nyumba zao zilitengewa kazi hiyo. Nyumba ya mawe ya zamani ilikuwa na daka mlangoni, mahali pa kumpokea mtu bila kumwingiza ndani. Kuta za mawe ya matumbawe zilikuwa nene kama nusu mita, zikichelewesha joto hadi usiku. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, na wembamba huo ulifanya hewa ipite. Katikati kulikuwa na kiwanja cha ndani cha kutolea joto. Hata nyumba ya Kiswahili ya Majengo, ya vyumba sita na ukumbi katikati, ilikuwa na uani nyuma na baraza mbele, nawe ulihama na kivuli kadiri siku ilivyosogea. Fleti yako haina pa kuhamia. Hilo ndilo ulilonyang'anywa, na hukulihisi mpaka ulipolazimika kushinda humo.

Nyumba yako ina makosa matatu, na yamekutana mahali pamoja.

La kwanza ni magharibi. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri kwetu liko juu ya paa karibu mwaka mzima, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupigwa kidogo, na upenu mfupi wa paa unautosha. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio unaoumia, kwa sababu jua la chini huingia moja kwa moja chini ya upenu. Wa mashariki hupigwa asubuhi, hewa ikiwa bado poa. Wako hupigwa kuanzia saa nane hadi machweo, wakati hewa yenyewe imeshachemka.

La pili ni upepo. Kusi hutoka kusini mashariki na kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Zote mbili hutoka upande wa bahari. Fleti inayotazama magharibi peke yake imepokea jua na imezikosa pepo zote mbili. Jirani yako wa ng'ambo ya korido, anayetazama baharini, analipa kodi ileile na anaishi katika hali ya hewa nyingine.

La tatu ni dari. Uko chini ya slabu ya zege iliyo wazi kwa jua. Zege hunywa joto mchana kutwa kisha hulishusha polepole, ndiyo maana saa mbili usiku, nje kumepoa, kitandani kwako bado kunafukuta. Kama juu ya slabu kumetandikwa ile karatasi nyeusi ya lami ya kuzuia mvua, na majengo mengi ya Bamburi yako hivyo, basi karibu jua lote linaingia humo. Panda juu saa tisa alasiri uguse kwa mkono, kwa uangalifu.

Sasa fedha zako. Kwanza usinunue kiyoyozi. Sisemi usikinunue kamwe, nasema kisiwe cha kwanza. Kiyoyozi katika chumba kinachopigwa jua la magharibi na dari ya moto kitapigana na nyumba badala ya kukupoza, na pamoja na gharama ya kukifunga kitameza sehemu kubwa ya hizo 60,000. Kisha ije stima. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) huvuta kama wati 800 kinapokaza. Saa tano kwa siku, siku 13 za kazi kwa mwezi, ni uniti 52. Tukikadiria shilingi 30 kwa uniti pamoja na tozo, ni shilingi 1,560, na utasema mbona si mbaya. Lakini kiyoyozi hakikubali kubaki cha kazi. Mwezi wa pili watoto watalala chini yake, mwezi wa tatu wageni watakaa chini yake. Saa nane za kila usiku zinaweza kukuongezea hadi uniti 190 kwa mwezi. Na kumbuka tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100, kila fungu na bei yake. Huenda sasa uko fungu la kati. Kiyoyozi kitakupandisha la juu, na hapo kila uniti ya jokofu na pasi nayo itapanda bei.

Feni ya dari nzuri hula wati 60 au 70. Kwa saa nane za siku zako 13 za kazi haifiki uniti nane, chini ya shilingi 250. Feni haipozi chumba, inapoza ngozi, kwa hiyo iwekwe juu ya kiti chako na si katikati ya sebule kwa ajili ya uzuri, na izimwe ukiondoka.

Lakini kabla ya feni, kivuli, na kivuli kikae nje ya kioo. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Pazia zito la ndani, hata liwe la bei gani, linalizuia jua likiwa limeshapita kioo, na joto limeshaingia chumbani. Pazia la mianzi la kukunja likining'inizwa upande wa nje, au neti ya kivuli kama ile ya vitalu vya miche ikitandazwa mbele ya roshani, linalikamata jua kabla halijagusa kioo. Acha nafasi ya upana wa mkono kati yake na dirisha ili hewa moto ipande itoke. Halihitaji kutoboa ukuta sana, na mwenye nyumba hana sababu ya kukataa ukimwonyesha kwamba linaondoka nawe siku ya kuhama. Mwombe ruhusa kwa maandishi hata hivyo.

Hapohapo mwongeleshe juu ya paa. Rangi nyeupe ya kuzuia maji juu ya slabu hurudisha sehemu kubwa ya jua, ilhali lami nyeusi hurudisha kama sehemu moja kwa kumi. Wazee wetu walipaka chokaa si kwa urembo peke yake. Mwenye nyumba hatavutiwa na starehe yako, ila atavutiwa ukimwambia kwamba karatasi ya lami inayochomwa na jua kila siku hupasuka mapema na kuvuja. Wapangaji wengine wa ghorofa yenu ya juu wana shida hiyohiyo. Nendeni pamoja, na mkilazimika, changieni rangi.

Kuhusu upepo, angalia madirisha. Kama ni ya alumini ya kusukuma kando, hata ukiyafungua yote unapata nusu ya tundu, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Luva za zamani, zile za vipande vya kioo vinavyopinduka, ambazo watu wamezing'oa kwa kuziona za kishamba, hufunguka karibu zote. Nimewahi kugombana na wateja juu ya jambo hili na nitaendelea kugombana. Wewe huwezi kubadilisha madirisha ya mtu, lakini unaweza kuupa upepo njia: fungua mlango wa mbao wa koridoni, acha wa grili umefungwa na pazia jepesi juu yake, na uhakikishe mlango wa chumba unachofanyia kazi uko wazi. Upepo wa bahari unaoingia kwa korido utapata pa kutokea magharibi. Bila tundu la kutokea, upepo hauingii.

Kiti ndicho ningekinunua wa kwanza kabisa, maana mgongo hauna msimu. Kiti cha plastiki au cha meza ya kulia kimetengenezwa kwa nusu saa. Tafuta kiti cha ofisi cha mtumba, chenye kupanda na kushuka na kinachoshika kiuno. Mara nyingi ni imara kuliko kipya cha bei hiyohiyo. Nyayo zikae sakafuni, viwiko viwe sawa na meza, na laptopu iinuliwe kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho, kisha utumie kibodi ya pembeni. Meza igeuze ubavu kwa dirisha. Ukilipa dirisha uso, mwanga wa alasiri unakuchoma macho. Ukilipa mgongo, unang'aa kwenye skrini, na kwenye mkutano wenzako wanaona kivuli kinachosema. Malalamiko yako ya macho nadhani yataisha kwa kuhamisha meza tu, bila senti.

Ila usikimbilie kulipa kiti hicho mwenyewe. Ulipokuwa ofisini siku tano, kiti, kiyoyozi, taa, intaneti, hata maji ya choo, vyote vililipwa na mwajiri. Siku tatu kwa wiki gharama hizo zimehamia kwenye mfuko wenu na hakuna aliyezitaja. Mwandikie, kwa adabu na kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo fani yako: stima kiasi hiki, intaneti kiasi hiki, kiti kimoja. Kampuni iliyopunguza meza zake mjini inajua imeokoa nini. Katika barua hiyohiyo tajeni saa za kazi. Mwaka 2022 Seneti ililetewa mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe baada ya saa za kazi. Usingoje mswada, andikianeni wenyewe.

Kelele ina ugumu wake kwa sababu huingia kwa tundu lilelile la upepo. Hakuna ujanja wa fundi utakaokupa dirisha wazi na kimya pamoja. Gawa siku: mikutano iwe asubuhi, ukuta wako ukiwa bado kivulini na dirisha likiweza kufungwa, kazi ya kimya iwe alasiri, madirisha wazi, tuktuk zipige honi zitakavyo. Ndani, zulia na pazia la kitambaa kizito kwenye ukuta mtupu hupunguza mwangwi ambao vyumba vya zege na vigae huzalisha. Wenzako wa Zoom wataona tofauti kabla yako.

Kuna kelele nyingine ambayo hukuiandika lakini naisikia kwa wateja wanawake karibu wote. Mwanamume akiwa nyumbani na laptopu, husemwa yuko kazini. Mwanamke akiwa nyumbani na laptopu, husemwa yuko nyumbani. Jirani anamtuma mtoto chumvi, wifi anapita kusalimia, fundi wa maji anaambiwa aje "maana mama yupo". Daka lilikuwa dawa ya hili, kwa kuwa mgeni alisikilizwa nje na shughuli ya ndani haikukatika. Tengeneza daka lako: weka stuli mlangoni upande wa ndani wa grili, na pazia la mlangoni likiwa limeshushwa wote wajue hupokei mtu. Hii sheria aitangaze mumeo, hasa kwa jamaa zake. Nadhani itamfaa kuliko kupima udekaji. Pia hesabu za wateja wa kampuni zisilale juu ya meza ya kulia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitofautishi sebule na ofisi.

Stima na intaneti nitapita haraka. Giza la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023, na yaliyofuata Novemba na Desemba mwaka huohuo, yalifundisha watu kununua betri ndogo ya ruta. Ruta hula wati kumi na kitu tu, kwa hiyo betri ya bei nafuu huishikilia saa kadhaa, na laptopu ina betri yake. Jenereta sahau. Weka na bando la simu kama akiba, ukijua kwamba si kila mara litakuokoa: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, waifai na bando vyote vilizorota pamoja.

Maji je? Kukaa kwenu nyumbani mchana kumeongeza matumizi, na mji huu unaotegemea vyanzo vya maji vya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi hauna maji ya kutosha hata kwa waliotoka. Kama huwa mnanunua madumu ya mkokoteni, ongeza gharama hiyo kwenye ile barua ya mwajiri.

Kuhama sikukatazi, ila si kwa 60,000, maana amana na kodi ya mwezi wa kwanza zitazimaliza na kiti hujanunua. Mkija kuhama, nenda ukaione nyumba saa tisa alasiri siku ya jua, usiende Jumamosi asubuhi dalali anapotaka. Tafuta ghorofa ya katikati, madirisha pande mbili zinazopingana, kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini. Weka kiganja juu ya ukuta wa magharibi. Piga simu ukiwa chumba cha ndani kabisa usikie kama mtandao upo. Muulize askari wa getini, si dalali, maji huja siku ngapi kwa wiki.

Na kurudi ofisini siku zote tano? Hapana, lakini usizigawe siku zako sawasawa mwaka mzima. Mwombe meneja wako hesabu ya mwaka badala ya wiki: kuanzia Januari mpaka masika yanapoanza uende ofisini siku nne, ukae kwenye kiyoyozi chake, Juni hadi Septemba, kusi ikivuma, ubaki nyumbani siku nne. Jumla ni karibu ileile, na mwajiri hapotezi kitu. Kivuli cha nje kiwe kimeshafungwa kabla ya Desemba. Ukipita Machi mmoja na kivuli, feni na paa jeupe na bado chumba kinazidi nyuzi 32 saa tisa, hapo nunua kiyoyozi, cha inveta, yaani kinachojipunguza kasi chumba kikishapoa, kwa chumba kimoja chenye mlango. Ile mashine ya nje mwambie fundi asiiweke kwenye ukuta wa magharibi; iwekwe kivulini na ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara, kwa sababu chumvi ya Bamburi hula mapezi yake upesi.